Betri Haina Moto Kila Asubuhi? Pima Hivi Kabla Hujanunua Nyingine

Kila wiki kuna mtu anauliza swali lile lile: nimenunua betri mpya, wiki mbili haijaisha gari haiwaki tena, nimeuziwa betri feki? Inawezekana, lakini mara nyingi betri haina kosa. Kosa liko kwenye altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) isiyochaji, au terminali (kibano cha waya kinachovaa kichwa cha betri) iliyooza, au kuna kitu kinakula umeme usiku kucha gari ikiwa imepaki. Betri mpya ukiiweka kwenye gari yenye hayo matatizo nayo itakufa tu.

Kwa hiyo hapa tunapima kwa mpangilio. Usiruke hatua, maana jibu la hatua ya nne halina maana kama ya pili hujaifanya. Mifano mingi ni ya Toyota ndogo zetu hizi, IST, Vitz, Probox, lakini vipimo ni vya gari yoyote ya volti 12.

## Vitu vya kuandaa

- Maltimita. Hata ile ya bei nafuu inatosha, ila hakikisha inasoma volti za DC kwa desimali mbili na ina tundu la 10A.
- Spana namba 10, na 12 kwa baadhi ya gari.
- Brashi ya waya au msasa.
- Maji ya moto na magadi soda.
- Grisi kidogo au vaselini.
- Maji ya betri yaliyochujwa kama betri yako ina vifuniko vya kufungua. Dukani sema wazi unataka maji, sio asidi, kuna chupa zinafanana.
- Glovu na miwani.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kupiga stata.

## Kabla hujagusa chochote

Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni na hiyo gesi inalipuka. Usivute sigara hapo wala usimulike na kiberiti kuangalia maji. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu pete ikigusa chanya na chuma cha bodi kwa wakati mmoja inapata moto mkali na kidole kinaungua vibaya sana.

Ukifungua terminali anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi, hivyo ukianza na chanya na spana ikagusa bodi umepiga shoti.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu bado kuna mafundi wanalifanya mbele ya mteja: USITOE TERMINALI YA BETRI GARI IKIWA INAWAKA ili kuona kama altaneta ni nzima. Betri ndiyo inatuliza umeme wa altaneta, ukiitoa ghafla volti zinaweza kuruka mpaka makumi kadhaa kwa muda mfupi sana, na muda huo mfupi unatosha kuua kontroli boksi, redio, au dayodi (vipitisha umeme upande mmoja) za altaneta yenyewe. Enzi za gari za kabureta ilikuwa inapita, kwenye gari ya EFI (mafuta yanaongozwa na kompyuta) unacheza na kifaa cha bei mbaya wakati mita ya bei ya sahani ya chipsi kuku inakupa jibu zuri zaidi.

## Hatua ya 1: Sikiliza gari inakataaje

Washa swichi, tazama dashibodi, piga stata, sikiliza.

Inalia tik-tik-tik haraka haraka na taa zinafifia: moto hautoshi, betri imeshuka au terminali hazishiki.

Inalia "tak" mara moja tu na taa zinabaki zinang'aa: shuku stata yenyewe au waya wake kabla ya betri.

Kimya kabisa na dashibodi nzima imezima: terminali imeachia, au fyuzi kubwa imekatika, au betri imekufa kabisa.

Kimya lakini taa zote ziko vizuri: kama ni otomatiki weka gia N ujaribu tena. Ikiwaka kwenye N ila sio P, swichi ya gia ndiyo mbovu.

Stata inazungusha injini kwa nguvu zote ila haishiki: acha kusoma mwongozo huu, betri yako haina shida, tafuta mafuta, plagi au sensa.

### Kama umekwama njiani na unataka kuwaka kwanza

Tafuta gari nyingine ya volti 12. Sio Fuso wala lori, mengi yana volti 24 na utaunguza vitu. Betri yako ikiwa imevimba au imepasuka usiishtue (usiipe moto wa betri nyingine) kabisa.

Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya nzima. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, halafu ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa, ibane kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri, kwa sababu pale pa mwisho ndipo cheche inaporuka na hutaki cheche juu ya gesi. Acha gari inayosaidia iwake kama dakika 5, kisha piga stata. Ikishawaka toa kwa kurudi nyuma, wa mwisho kuweka awe wa kwanza kutoka.

Angalia kitu kimoja hapo. Ukitoa waya na gari ikazima yenyewe baada ya muda mfupi, tayari una dalili kwamba altaneta haichaji. Kusukuma kunasaidia gari ya manyuo tu, otomatiki mtachoka bure.

## Hatua ya 2: Terminali na vichwa vya betri

Watu wanaidharau hii hatua na ndiyo inayotatua kesi nyingi kuliko zote.

Shika kila terminali uzungushe kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, hapo pana tatizo. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota, fungua (hasi kwanza), mwagia maji ya moto yenye magadi, litatoa povu, sugua mpaka uone risasi inang'aa, ndani ya terminali na juu ya kichwa cha betri pia. Kausha, funga, kisha paka grisi kwa juu. Grisi inapakwa baada ya kufunga, kazi yake ni kuzuia hewa na unyevu.

Gari za Japani zina vichwa vya aina mbili, vyembamba na vinene. Mtu anauziwa betri ya vichwa vyembamba, terminali zake ni za vinene, basi fundi anachomeka kipande cha bati au msumari katikati ili ikaze. Siku hiyo gari inawaka. Baada ya muda pale kwenye bati panaota kutu, umeme haupiti vizuri wala chaji haiingii vizuri, na lawama zote anapewa muuza betri. Toa hilo bati, tafuta kiunganishi cha risasi cha kuvalisha kichwa au badilisha terminali.

Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Gari iliyowahi kupigwa rangi au kushushwa injini mara nyingi eathi (huo waya wa hasi) hairudishwi ilivyokuwa, inafungwa juu ya rangi au inasahaulika kabisa.

Umefaulu ukiona: terminali haizunguki kwa mkono hata ukilazimisha, na chuma kinagusana na chuma kisafi.

## Hatua ya 3: Pima betri ikiwa imepumzika

Gari ikae imezima masaa kadhaa, usiku mzima ni bora zaidi. Kama huna muda huo washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona namba nzuri ya uongo, ni moto wa juu juu tu.

Weka mita kwenye DC 20V, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Gusa kichwa chenyewe cha betri, usiguse terminali.

- 12.6 kwenda juu: imejaa.
- 12.4: kama robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0: robo imebaki.
- 11.8 kushuka chini: imekwisha.

Ikisoma 12.2 au chini usiendelee na hatua ya 4 bila kuichaji kwanza, kwa sababu betri tupu hata kama ni mpya itafeli jaribio la stata na utaihukumu kwa makosa. Ikisoma kama 10.5 na hata ukiichaji usiku mzima haipandi kufika 12, seli moja imekufa, maana kila seli ina karibu volti 2 na zako zimebaki tano kati ya sita. Hiyo haina dawa, nunua.

Kama ina vifuniko, angalia maji. Sahani zote ziwe zimezama, maji yazidi kwa kama sentimita moja juu yake. Joto la Dar, Tanga au Mombasa linakausha maji haraka kuliko wanaokaa Arusha au Mbeya, kwa hiyo ukiwa pwani angalia mara kwa mara. Ongeza maji yaliyochujwa tu. Sio ya bomba, sio ya kisima, na sio asidi, kwa sababu kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki mle mle.

Umefaulu ukiona: 12.5 au zaidi baada ya kupumzika.

## Hatua ya 4: Pima wakati stata inapigwa

Mita iache pale pale kwenye vichwa vya betri. Msaidizi apige stata, wewe macho kwenye namba ya chini kabisa utakayoiona.

Ikibaki juu ya 10, betri ina nguvu. Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, betri imechoka, inaonyesha volti lakini haina nguvu ya kubeba mzigo. Ndiyo maana kuna watu wanabishana kwamba betri ni nzima kwa sababu redio inapiga na taa zinawaka. Redio inakula umeme kidogo sana, stata ya gari ndogo inavuta ampia mia na zaidi.

Sasa kuna jibu la tatu ambalo wengi hawalijui. Ukisikia "tak" na volti zimebaki 12.3, hazikushuka hata kidogo, basi umeme haukuvutwa. Betri umeikosea, tatizo ni stata, waya wake, au eathi.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, iache ipoe kabla hujarudia.

## Hatua ya 5: Altaneta inachaji?

Kabla ya kuwasha, weka swichi ON tu. Taa nyekundu ya betri lazima iwake kwenye dashibodi. Isipowaka hapo, usifurahi kwamba hakuna tatizo! Kwenye gari nyingi hiyo taa iko kwenye njia ya kuiamsha altaneta, kwa hiyo fyuzi imekatika, balbu imeungua au kuna mtu aliitoa ili taa isimsumbue mnunuzi, au kaboni za altaneta (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka) zimekwisha. Hilo la kuitoa balbu lipo kwenye gari za mkononi, angalia kabla hujalipa hela.

Washa injini, taa izime. Pima kwenye vichwa vya betri.

Silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta): 13.8 mpaka 14.5 ni nzuri.

Halafu washa vyote: taa kubwa, AC, feni, kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu. Msaidizi akanyage mafuta kidogo, kama 2000 kwenye rpm. Isishuke chini ya 13.5.

Inasoma 12 na kitu na inazidi kushuka. Haichaji kabisa. Anza na vya bei rahisi: feni belti ipo na imekaza? Ukiibonyeza katikati isizame sana, na isiwe inang'aa kama imepakwa vanishi, hiyo inateleza. Plagi ya nyuma ya altaneta imekaa? Fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye boksi la boneti ni nzima? Kwenye Toyota nyingi za zamani angalia pia fyuzi ya GAUGE na ALT-S. Vyote vikiwa sawa ndipo altaneta inafunguliwa, na hata hapo mwambie fundi umeme aangalie kaboni kwanza kabla hujanunua altaneta nzima, kwa sababu mara nyingi ni kaboni tu zimelika na hizo ni hela ndogo.

Inachaji 13 na kidogo, ukiwasha vitu inaporomoka. Belti inateleza, dayodi moja imekufa, au waya wa chaji ni mbovu. Nenda hatua ya 6.

Inapita 15. Regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa. Hii ni mbaya kuliko kutochaji, betri inachemka, inanuka kama yai bovu, balbu zinaungua ovyo. Usiiendeshe hivyo.

Tahadhari kwa gari mpya kidogo: baadhi zina kompyuta inayopunguza chaji makusudi ili kubana mafuta, unaweza ukasoma 12.8 na hakuna ubovu. Ukiwasha taa kubwa na kukanyaga mafuta itapanda yenyewe. Usihukumu altaneta kwa kipimo cha silensa peke yake.

Na wanaoendesha Aqua, Prius na hybrid (gari za mafuta na umeme) nyingine: hamna altaneta. Betri ndogo ya volti 12 ipo, kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma, na inachajiwa na kibadilishaji cha umeme wa betri kubwa pale tu gari ikiwa READY. Kukaa umeweka ON unasikiliza redio unaimaliza. Pima ikiwa READY. Usiitumie hybrid kushtua gari nyingine na usiguse nyaya za rangi ya chungwa, hizo zinaua.

## Hatua ya 6: Volti zinapotelea wapi njiani

Altaneta inaweza kuwa inatoa 14.4 na betri inapokea 13.2. Hapo hununui altaneta wala betri, unatafuta waya.

Injini ikiwaka, taa kubwa zikiwa zimewashwa, mita ikiwa DC volti, gusa waya mmoja kwenye bolti kubwa ya nyuma ya altaneta na mwingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mita itakuonyesha kiasi kinachopotea tu. Kiwe chini ya 0.3. Kisha gusa bodi ya altaneta na kichwa cha hasi, iwe chini ya 0.2. Ikizidi upande wa hasi ni eathi, ikizidi upande wa chanya ni waya, fyuzi ya ALT iliyolegea au nati yenye kutu.

Angalia mkono na belti, na ile bolti ina moto wa betri muda wote hata gari ikiwa imezima, usiiguse kwa spana bila kutoa hasi.

## Hatua ya 7: Nani anakula umeme usiku

Fanya hii kama betri na chaji vyote vimepita lakini gari ikilala haiamki. Inahitaji uvumilivu.

Zima kila kitu, toa funguo, kama ni smati kii ipeleke mbali. Fungua boneti, fungua mlango ulio karibu na boksi la fyuzi, kisha geuza kile kikufuli cha mlango kwa bisibisi ili gari idhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime.

Hamisha waya mwekundu wa mita uweke tundu la 10A. Toa terminali ya hasi, kisha weka mita katikati: waya mmoja kwenye terminali, mwingine kwenye kichwa cha hasi. Umeme wote wa gari sasa unapita kwenye mita, hivyo USIPIGE STATA na usiwashe taa kubwa, utaiunguza.

Mwanzoni itasoma juu, ni kawaida, vifaa bado viko macho. Subiri kama nusu saa. Inatakiwa itulie kwenye ampia 0.02 mpaka 0.05. Ikibaki 0.1 kwenda juu kuna mlaji.

Piga hesabu uone uzito wake: betri ya 45Ah (ampia-saa, ukubwa wa betri), kitu kinavuta ampia 0.5, kwa siku ni 12Ah. Ndani ya siku mbili nusu ya betri imeondoka, na Ijumaa ulipaki gari nzima Jumatatu haiwaki.

Sasa chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita. Namba ikidondoka umepata njia, soma kwenye kifuniko hiyo fyuzi inalisha nini. Wahalifu wa kila siku ni redio iliyofungwa waya vibaya, busta ya muziki, alamu ya mtaani, treka, kamera ya mbele, taa ya buti isiyozima, na relei iliyoganda.

Umechomoa zote na bado inavuta? Basi ni kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri, au altaneta. Shika altaneta asubuhi kabla hujawasha gari. Ikiwa na uvuguvugu wakati gari imelala usiku kucha, dayodi inavujisha.

Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti PAPO HAPO. Ukisahau halafu ukapima volti za betri umepiga shoti, na mita nyingi za bei nafuu hilo tundu la 10A halina fyuzi kabisa, waya unawaka mkononi.

## Hatua ya 8: Chaji vizuri, au nunua vizuri

Betri iliyoshuka kabisa haijazwi kwa kuzunguka mtaani dakika ishirini, na kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, na AC juu ndiyo kabisa, maana kwenye silensa altaneta inatoa kidogo. Unailazimisha altaneta ifanye kazi ya chaja na yenyewe inapata moto. Ipeleke ikachajiwe taratibu, kwa betri ya 45Ah ni ampia 4 au 5, masaa kumi hivi, vifuniko vikiwa vimelegezwa. Anayekuambia nusu saa tayari anaichemsha.

Ikifeli hatua ya 4 baada ya kuchajiwa hivyo, sasa nunua. Soma maandishi ya betri ya zamani, kama 46B24L: 24 ni urefu wa sentimita, L au R ni upande vichwa vilipokaa, na ikiwa na S mwishoni ni vichwa vinene. Vyote vifanane na ulivyo navyo, L ukichukua R waya hazitafika au utazigeuza, na kugeuza chanya na hasi hata kwa sekunde kunaunguza fyuzi kubwa na dayodi.

Pale pale dukani ipime kabla hujalipa. Chini ya 12.4 imekaa sana kwenye shelfu, omba nyingine. Ukishaifunga rudia hatua ya 5 siku hiyo hiyo, andika namba mbili, ya kupumzika na ya kuchaji, kwenye karatasi na ubandike ndani ya boneti, fundi atakayekuja baadaye ataanzia hapo.